Steam kwa mtengenezaji mdogo wa gemu: dola 4.99 ya dukani inafika benki ikiwa ngapi?

Wanaotengeneza gemu peke yao, au wakiwa wawili watatu, huanza na swali la injini, yaani programu ya kutengenezea gemu: Godot au Unity? Swali linaloamua kama kazi hiyo italipa huja baadaye sana, mara nyingi gemu ikiwa imeshakamilika: itauzwa wapi, na pesa itamfikiaje mtu aliye Nairobi, Arusha au Kampala? Uhakiki huu unaitazama Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, kwa upande wa muuzaji, si wa mchezaji. Tunaangalia ada, fomu, makato, muda wa kusubiri na mambo yanayokwama. Mwishoni tunagusa maduka ya itch.io na Google Play, kwa kuwa wengi huzitumia sambamba.

Tuseme mapema tunachokiona. Kwenye hesabu na malipo, Steam ni duka la kuaminika. Ripoti zake zinaonyesha nakala zilizouzwa, nchi, bei na sababu walizotoa waliorudisha gemu, na pesa huingia kila mwezi bila kudai. Kwenye kutafuta wateja, Steam ni mpiga debe anayeita kwa nguvu pale tu basi limeshaanza kujaa. Anayefika na watu wake hupewa wengine, na anayefika mikono mitupu hupata rafu ya chini kabisa. Mwaka 2024 gemu zaidi ya 18,000 zilitoka Steam, yaani karibu 50 kila siku. Atakayeielewa namba hiyo kabla ya kulipa ada ataokoa miezi mingi.

Kuingia

Tangu Juni 2017, Valve, kampuni inayomiliki Steam, iliachana na utaratibu wa gemu mpya kupigiwa kura na wachezaji, ikaweka ada ya dola 100 kwa kila gemu. Ada hiyo hurudishwa gemu ikishafikisha mapato ya dola 1,000 baada ya kutoa marejesho na kodi za mauzo. Usiihesabu kama akiba. Iandike kwenye gharama kana kwamba imekwenda. Kabla ya kulipa, hakikisha kadi yako imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni ya nje ya nchi. Kadi nyingi za benki zetu hutolewa zikiwa zimefungwa kwa malipo hayo hadi mteja aombe.

Baada ya ada huja vitu vitatu: utambulisho, benki na kodi. Hapa ndipo maombi mengi hukwama, na sababu ni ndogo sana: majina. Akaunti ya benki ina majina matatu, fomu ya kodi ina mawili, kitambulisho kina herufi moja tofauti. Mfumo hautakisia kwamba huyo ni mtu mmoja. Nakili jina kutoka kwenye taarifa ya benki herufi kwa herufi na ulitumie hivyo hivyo kila mahali. Kama ni kampuni, jina ni lile la kwenye cheti cha usajili, si jina la kibiashara unalolipenda.

Kwa benki utahitaji msimbo wa SWIFT, jina kamili la benki, anwani ya tawi na namba ya akaunti. Fungua akaunti ya dola. Pesa ikitumwa kwenye akaunti ya shilingi, benki huibadilisha kwa kiwango chake yenyewe siku hiyo hiyo na huna nafasi ya kungoja kiwango kizuri wala kujadiliana.

Muda nao umefungwa kwa kanuni. Lazima zipite siku 30 tangu ulipe ada ndipo gemu ya kwanza iweze kutoka. Ukurasa wa gemu lazima uwe umeonekana kwa umma kwa angalau wiki mbili kabla ya siku ya kutoka. Ukurasa hukaguliwa peke yake, na gemu yenyewe hukaguliwa peke yake. Kila ukaguzi huchukua siku chache za kazi, lakini ukirudishwa unapanga foleni tena, kwa hiyo tenga wiki nzima kwa kila mmoja.

Sababu za kurudishwa zinajulikana na zinaepukika. Umeweka alama kwamba gemu inachezwa kikamilifu kwa kidhibiti cha mkononi, lakini menyu ya kwanza inadai kipanya. Umeorodhesha lugha ambayo haimo ndani ya gemu. Jina la faili la kuanzishia gemu uliloandika kwenye mipangilio halilingani na lililo kwenye folda, pengine kwa herufi kubwa moja tu, na gemu haifunguki. Au umepakia mafaili vizuri kabisa lakini hukuyaunganisha na kifurushi cha mauzo, hivyo mkaguzi anapakua folda tupu. Kabla ya kuomba ukaguzi, isakinishe gemu kupitia programu ya Steam kwenye kompyuta nyingine ambayo haijawahi kuwa na injini yako, kisha uicheze kuanzia mwanzo.

Kwa anayenunua bando, kuna jambo moja la kiufundi lenye faida ya moja kwa moja. Mfumo wa Steam wa kupakia hukata mafaili vipande vya takribani megabaiti moja na kutuma vile vilivyobadilika tu. Sasisho la kurekebisha kosa dogo linapaswa kuwa jepesi. Likiwa zito kama gemu nzima, kwa kawaida kosa liko kwenye namna injini inavyofungasha: imebana au kusimba kwa siri kila kitu ndani ya faili moja kubwa, na badiliko dogo mwanzoni linabadilisha faili lote. Zima ubanaji wa faili hilo. Steam itabana yenyewe wakati wa kutuma.

Pesa

Mgawo wa Steam ni asilimia 30. Hushuka hadi 25 gemu ikivuka mauzo ya dola milioni 10 na hadi 20 ikivuka milioni 50, viwango ambavyo havimhusu msomaji wa uhakiki huu. Malalamiko mengi huishia kwenye hiyo 30. Kwetu si hiyo inayouma zaidi, maana kuna makato mengine ambayo hayaonekani kwenye bei.

Chukua gemu ya dola 4.99 na nakala 100 zilizonunuliwa. Kwenye karatasi hizo ni dola 499. Tuchukulie nakala kumi zimerudishwa, zimebaki 90. Nusu yake ziliuzwa kwa bei kamili na nusu kwa punguzo la asilimia 20, yaani dola 3.99. Jumla inakuwa 404.10. Bei za Ulaya na Uingereza tayari zina VAT ndani yake (asilimia 19 Ujerumani, 20 Uingereza), na baadhi ya nchi huuziwa kwa bei ya chini. Tukikadiria mambo hayo mawili yanakula asilimia 15, zinabaki 343.49. Steam inachukua 30 yake: 240.44.

Sasa inakuja kodi ya zuio ya Marekani. Kila mtengenezaji asiye Mmarekani hujaza dodoso la kodi linalozaa fomu ya W-8BEN kwa mtu binafsi au W-8BEN-E kwa kampuni. Nchi yako ikiwa na mkataba wa kodi na Marekani, kiwango hushuka. Hakuna nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye mkataba huo, wala Oman. Kwa hiyo asilimia 30 ya pesa yako itokanayo na wanunuzi walioko Marekani hubaki huko. Ni ya Marekani tu. Mauzo ya Ujerumani, Japani au Brazil hayaguswi. Kama asilimia 40 ya mauzo yetu ya mfano ni ya Marekani, kodi hiyo ni dola 28.85, na mkononi zinabaki 211.59. Benki ya kati na benki yako zikikata jumla ya dola 25 kwa kupokea uhamisho, umebaki na 186.59.

Yaani kutoka 499 imefika chini kidogo ya 187, sawa na senti 37 kwa kila dola. Kwa kiwango cha takribani shilingi 129 za Kenya, ni kama 24,000. Na ada ya dola 100 bado haijarudi, kwa sababu kwa hesabu hiyo hiyo unahitaji takribani nakala 290 kununuliwa ndipo ufikishe dola 1,000 zinazohesabika.

Badilisha makadirio yetu uweke yako, lakini mpangilio wa makato usiuguse. Wengi hupiga hesabu ya nakala 1,000 mara dola 5 toa asilimia 30, wanapata 3,500, na kwa namba hiyo wanaacha kazi. Kwa mfano wetu, nakala 1,000 zingeleta karibu dola 2,100 kabla ya ada za benki.

Mambo matatu kuhusu kodi hii. Kwanza, kwenye fomu weka namba yako ya mlipakodi wa nyumbani, KRA PIN au TIN ya TRA; huhitaji kutafuta namba ya Marekani. Pili, anayeishi Ujerumani au Uingereza na kulipa kodi huko hutumia mkataba wa nchi hiyo, na kiwango chake cha mrabaha wa aina hii ni sifuri. Kwa hiyo wenzi wawili waliotengeneza gemu moja, mmoja Mombasa na mmoja Hamburg, waamue mapema akaunti itakuwa kwa jina la nani. Wasifanye hivyo kwa ujanja wa kukwepa: anayepokea ndiye atakayewajibika kutangaza mapato yote nyumbani kwake. Tatu, kila mwaka utapata fomu ya 1042-S inayoonyesha kilichokatwa. Itunze na umpe mhasibu wako.

Malipo ya mwezi mmoja huja ndani ya siku 30 baada ya mwezi huo kwisha. Kilichouzwa Machi huingia kuelekea mwisho wa Aprili. Salio likiwa chini ya dola 100 halitumwi, linasubiri. Ndiyo maana gemu iliyouza vizuri wiki ya kwanza kisha ikapoa inaweza kukulipa mara moja, halafu ukae miezi kadhaa bila kitu hadi punguzo la msimu lilete kingine.

Bei

Kishawishi kikubwa cha mtengenezaji mdogo ni kuuza dola 0.99, bei ya chini kabisa inayoruhusiwa. Tunashauri vikali usifanye hivyo. Steam hutuma barua pepe kwa watu walioweka gemu yako kwenye orodha yao ya kusubiri (wishlist) pale punguzo linapofika asilimia 20 au zaidi, na sehemu kubwa ya mauzo baada ya mwezi wa kwanza hutegemea barua hizo. Gemu ya senti 99 haina nafasi ya kushuka. Gemu ya 4.99 inaweza kuanza na punguzo la 20, mwakani 40, baadaye 60, na kila hatua ni tangazo jipya. Kwa gemu ya saa mbili hadi nne iliyokamilika vizuri, kati ya dola 4.99 na 7.99 ni bei ya haki.

Kanuni za punguzo zisome kabla ya kutoka. Punguzo la uzinduzi hupangwa kabla hujabonyeza kitufe cha kuitoa gemu. Likikupita, utasubiri siku 30 ndipo uweze kupunguza. Kati ya punguzo moja na jingine pia ni siku 30, isipokuwa minada mikubwa ya misimu, yaani vipindi vya punguzo la duka zima. Ukipandisha bei, unafungiwa punguzo kwa siku 30 vilevile.

Kasoro moja tunaiona kubwa, na ni ya Steam yenyewe. Duka halina shilingi ya Kenya, ya Tanzania wala ya Uganda, na halina bei ya eneo letu. Mnunuzi wa Kisumu au Dodoma huona dola ile ile anayoiona mtu wa Seattle. Afrika Kusini wana randi yao; Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini, Amerika ya Kusini na Asia Kusini wamewekewa bei zao za dola zilizopunguzwa. Sisi hatumo. Dola 4.99 ni kama shilingi 640 za Kenya, na huwezi kuishusha kwa wanunuzi wa nyumbani peke yao hata ukitaka. Gemu yenye hadithi ya pwani au mitaa ya Kariakoo inaweza kupendwa sana nyumbani na bado ikauzwa zaidi Ulaya na Marekani. Andaa trela na maelezo ya ukurasa ukijua hilo.

Marejesho

Mchezaji anaweza kurudisha gemu ndani ya siku 14 tangu ainunue, mradi hajaicheza zaidi ya saa mbili. Kwa mnunuzi ni haki nzuri. Kwa gemu inayokwisha kwa dakika 70 ni tatizo, kwani mtu anaweza kuimaliza, akaipenda, na akarudishiwa pesa. Hakuna namna ya kujitoa kwenye kanuni hiyo. Kinachosaidia ni kuipa gemu sababu ya kurudiwa, kama ngazi ya ugumu zaidi au miisho mingi, bila kuijaza maji.

Marejesho mengi yanayozuilika, hata hivyo, hutokea ndani ya dakika kumi za kwanza. Steam hukuonyesha sababu walizochagua waliorudisha, pamoja na maneno waliyoandika. Soma kila moja. Kwa watumiaji wa Godot 4 kuna kosa linalojirudia: mradi mpya huanza na mfumo wa uchoraji wa Forward+, unaohitaji teknolojia mpya za michoro kama Vulkan. Kompyuta mpakato za zamani zenye michoro ya Intel zinaweza zisifungue gemu kabisa au zikaonyesha skrini nyeusi. Kama gemu yako ni ya 2D, hamia mfumo wa Compatibility, unaotumia OpenGL, teknolojia ya zamani zaidi. Fanya hivyo mwanzoni, kwa sababu baadhi ya athari za mwanga hubadilika na utalazimika kuzipanga upya. Kisha ijaribu kwenye mashine ya GB 4 za RAM, ile ambayo wanafunzi wengi wanayo.

Kuonekana

Hapa ndipo gemu nzuri hufia. Ukurasa wa gemu unaweza kuwekwa wazi miezi mingi kabla ya gemu kutoka, na kazi yake pekee kipindi hicho ni kukusanya watu watakaobonyeza kitufe cha kuiweka kwenye orodha ya kusubiri. Siku gemu inapotoka wote hutumiwa barua pepe. Wakinunua wengi ndani ya siku mbili tatu, Steam huanza kuionyesha kwa wasiokujua. Wasiponunua, haionyeshi. Watu wa fani hutaja orodha ya kati ya 7,000 na 10,000 kama kiwango kinachokuingiza kwenye safu ya gemu maarufu zijazo. Valve haijawahi kutangaza namba rasmi, kwa hiyo ichukulie kama dira tu.

Fungua ukurasa mara tu unapokuwa na picha tano za skrini zisizo za majaribio na trela ya sekunde 40 hadi 60 inayoanza na mchezo wenyewe. Nembo ya studio inayojitokeza taratibu kwenye skrini nyeusi kwa sekunde nane inafukuza watu. Picha ya jalada ndiyo inayobonyezwa kabla ya kitu kingine chochote. Kama kuna sehemu moja ya kulipa msanii, ni hiyo. Jina lisomeke hata jalada likiwa dogo kama ukucha. Tangu Septemba 2022 hairuhusiwi kuandika juu yake sifa, tuzo au nukuu za wahakiki; jina na mchoro tu.

Tamasha la Steam Next Fest hufanyika mara tatu kwa mwaka, Februari, Juni na Oktoba, na gemu moja huruhusiwa kuingia mara moja tu maishani. Unaingia na demo, yaani kipande cha gemu cha kuonja bure. Makosa ya kawaida ni kuliwahi: demo ina kasoro, orodha ya kusubiri ina watu mia, na nafasi hairudi. Ingia kwenye tamasha la mwisho kabla ya tarehe yako ya kutoka, na demo iwe imeshachezwa na wageni kwa wiki kadhaa kabla ya hapo.

Siku ya kutoka, epuka wiki ya mnada wa kiangazi mwishoni mwa Juni na wa baridi mwishoni mwa Desemba. Wengi hubonyeza kitufe saa nne asubuhi ya Seattle, ambayo kwetu ni saa mbili usiku, au saa tatu usiku miezi ile Marekani inaporudisha saa nyuma. Maana yake masaa ya kwanza ya kupokea malalamiko na kutoa marekebisho yanaangukia usiku. Uwe na umeme wa akiba na bando la pili la mtandao mwingine.

Lengo la kwanza baada ya hapo ni maoni kumi ya wanunuzi. Chini ya hapo ukurasa hauonyeshi alama ya jumla. Maoni ya waliopewa misimbo ya bure (namba za kufungulia gemu bila kuinunua) huonekana lakini hayahesabiwi kwenye alama, kwa hiyo kuwagawia binamu misimbo hakusaidii. Weka ombi fupi la maoni mwishoni mwa gemu, mchezaji akiwa ameshamaliza sura ya kwanza, wala si kabla.

Ndani ya saa 24 utaanza kupokea barua za watu wanaojiita wahakiki au wenye chaneli kubwa za YouTube, wakiomba misimbo mitatu, minne. Nyingi ni za matapeli wanaoiuza misimbo hiyo kwenye masoko ya pembeni. Linganisha anwani ya barua pepe na ile iliyoandikwa kwenye chaneli yenyewe. Mara nyingi herufi moja imebadilishwa. Anayedai kuwa mkusanyaji wa mapendekezo ndani ya Steam (Curator) mtumie nakala kupitia kiunganishi cha Steam chenyewe, ambapo hakuna msimbo wa kuuzwa. Mhakiki wa kweli haumii kukubali hilo.

itch.io

Duka hili lililoanza 2013 halina ada ya kuingia wala foleni ya ukaguzi kabla ya kuchapisha. Wewe ndiye unayechagua asilimia utakayolipa duka. Chaguo la awali ni 10, na hata sifuri inaruhusiwa. Kwa kuuza, trafiki yake ni ndogo. Kwa kujaribu gemu mbele ya wageni ni bora kuliko Steam, kwa sababu mtu anaicheza ndani ya kivinjari bila kupakua. Vampire Survivors ilianza hapo mwaka 2021 ikiwa ya bure kwenye kivinjari, kabla ya kuingia Steam Desemba ya mwaka huo.

Faili la zipu liwe na index.html kwenye ngazi ya juu kabisa, si ndani ya folda nyingine. Mafaili yasizidi 1,000. Ukitumia Godot ya matoleo ya kabla ya 4.3, washa chaguo la SharedArrayBuffer kwenye ukurasa wa kuhariri, la sivyo wachezaji wataona kosa badala ya gemu. Kuanzia 4.3, iliyotoka Agosti 2024, toa gemu bila nyuzi nyingi (threads) na tatizo linakwisha.

Kwa malipo, chagua utaratibu ambao itch.io hukusanya pesa na kukulipa baadaye. Huo hushughulikia VAT ya Ulaya kwa niaba yako. Ukichagua pesa ije kwako moja kwa moja, VAT ni mzigo wako. Gharama ya kuchakata kadi ni takribani asilimia 2.9 na senti 30 kwa kila muamala, hivyo gemu ya dola moja hupoteza theluthi kabla hata ya mgawo wa duka. Weka kima cha chini cha dola 3, au iwe bure na mtu atoe apendavyo. Tatizo letu ni PayPal. Mkenya anaweza kupokea na kuitoa kwenda M-Pesa, lakini kwa miaka mingi akaunti ya PayPal ya Tanzania imekuwa ya kutuma tu. Hakikisha njia ya kupokea iliyopo nchini mwako kabla ya kuweka bei.

Google Play

Simu ndiko wachezaji wetu waliko, na ada ni dola 25 mara moja tu. Mgawo ni asilimia 15 kwa dola milioni ya kwanza kila mwaka, nusu ya Steam. Kenya mchezaji anaweza hata kulipa kwa M-Pesa. Kikwazo ni cha mwanzo: akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya Novemba 13, 2023 lazima ifanye jaribio la faragha lenye watu wasiopungua 12 waliojiunga kwa siku 14 mfululizo. Awali walikuwa 20. Andikisha 18 au 20, maana wawili watatu watajiondoa au kubadilisha simu, na ukishuka chini ya 12 hesabu ya siku inavurugika.

Wengi hutegemea matangazo ya AdMob, huduma ya matangazo ya Google, badala ya kuuza. Yale ambayo mchezaji anayachagua mwenyewe ili apate uhai wa ziada au sarafu hulipa vizuri na hayaudhi. Yale yanayorukia skrini katikati ya mchezo hushusha nyota. Wakati wa kutengeneza tumia vitambulisho vya matangazo ya majaribio peke yake. Ukibonyeza matangazo yako halisi, au ukawaomba wanafunzi wenzako wabonyeze, akaunti hufungwa na salio hupotea. Malipo hutoka salio likifika dola 100. Kabla ya hapo, likigusa dola 10, Google hutuma PIN kwa barua ya posta. Andika anwani ya S.L.P. inayofunguliwa kweli, ya shule au ofisi ya ndugu kama huna yako, pamoja na jina kama lilivyo kwenye kitambulisho. Miezi minne ikipita bila PIN kuingizwa, matangazo huzimwa. Isipofika baada ya wiki nne omba nyingine, na ikishindikana mara kadhaa utaruhusiwa kupakia picha ya kitambulisho badala yake.